Chambo cha Matondoni na Mlo wa Diskasi: Msamiati wa Kulisha Samaki katika Kiswahili

Utangulizi

Tangu jadi, mwanadamu wa pwani amemlisha samaki kwa nia mbili zinazopingana. Kwanza, humlisha ili amvue. Pili, humlisha ili amfuge. Chakula cha nia ya kwanza kina jina linalojulikana na kila mzungumzaji wa Kiswahili, nalo ni chambo. Chakula cha nia ya pili hakina jina lililozoeleka kiasi hicho. Ndiyo maana mtu anayetaka kueleza kwa Kiswahili namna ya kumtunza samaki wa mapambo aghalabu hujikuta akikopa istilahi moja baada ya nyingine kutoka Kiingereza, kana kwamba lugha hii haikupata kumwona samaki akila.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mambo hayako hivyo. Mfano ulioteuliwa ni mgumu kwa makusudi. Ni diskasi, samaki wa bonde la mto Amazon katika Amerika ya Kusini, ambaye wafugaji wa samaki wa mapambo humhesabu miongoni mwa wale wanaohitaji uangalifu mkubwa katika mlo. Mizani atakayopimwa nayo ni ujuzi wa chambo na wa jikoni wa kisiwa cha Lamu, hususan kijiji cha Matondoni. Iwapo mlo wa mgeni huyu wa mbali utaelezeka kwa maneno ya wavuvi, wasusi na wapishi wa pwani, basi kuna sababu ndogo ya kudai kwamba Kiswahili kimepungukiwa na msamiati wa kuelezea samaki wa nyumbani, wawe ni sato na ngege wa mabwawa ya bara au mwatiko wa mabwawa ya maji ya chumvi.

Suala hili si la pambo tu. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila mojawapo ya majimbo 140 ya uchaguzi. Aliyechimbiwa bwawa alipaswa kujua samaki hula nini, kiasi gani na wakati gani, kwa sababu chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya gharama za ufugaji wa samaki. Maarifa ya namna hiyo yasipopata lugha ambayo mkulima anaifahamu, hubaki mikononi mwa wachache.

Matondoni na jadi ya kuvitaja vitu

Matondoni iko upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, penye mikoko. Umaarufu wake umetokana na kazi za mikono. Majahazi, mashua na madau huundwa na kukarabatiwa ufuoni, na usukaji wa mikeka na vyombo vya ukindu ni kazi ya tangu zama. Katika taaluma ya Kiswahili, hata hivyo, kijiji hiki kina umaarufu mwingine. Ndipo alipozaliwa mwaka 1927 Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mtafiti aliyefariki mwaka 2017.

Nabhany aliandika Sambo ya Kiwandeo, utenzi uliochapishwa mwaka 1979, kuhusu uundaji wa chombo cha Lamu. Sambo ni chombo cha baharini, na Kiwandeo ni jina la kale la Lamu. Mwaka 1985 ulichapishwa utenzi wake mwingine, Umbuji wa Mnazi, unaoeleza mnazi na matumizi yake. Katika kazi zote mbili mshairi alikusanya majina ya sehemu, zana na hatua za kazi, ili maneno yasipotee pindi mafundi watakapopungua. Alishikilia pia kwamba kitu kipya kikitokea, mwanalugha aanze kulitafuta jina lake ndani ya Kiswahili na lahaja zake kabla ya kugonga mlango wa jirani. Neno runinga, ambalo hunasibishwa naye, limekuwa ushahidi wa msimamo huo. Mjadala wa makala haya unafuata njia hiyohiyo: utaanza na vilivyopo, kisha utauliza kama vinatosha.

Ilimu ya chambo

Mvuvi wa malema katika pwani ya Kenya hatii chambo kwa kubahatisha. Lema, ambalo kwingine huitwa dema, ni mtego uliosukwa kwa fito, wenye mlango unaozidi kuwa mwembamba kadiri unavyoingia ndani. Akikusudia tafi, mvuvi hutia humo mwani, na pengine konokono wa baharini waliopondwa, kwa kuwa tafi ni samaki wa malisho: kinywa chake ni kidogo na riziki yake kuu ni mimea ya majini. Akikusudia changu, hutumia mshipi, na kwenye ndoana hutunga ngisi, pweza au kamba, maana changu hutafuta wanyama wadogo mchangani na penye majani ya bahari. Akimkusudia tewa, ambaye hukaa pangoni akivizia, humtungia samaki mzima au kipande kinene, kwa sababu tewa hatafuni bali humeza.

Ndani ya mazoea haya mna kanuni nne, ingawa hazikuandikwa popote. Ya kwanza ni kinywa: chakula kilingane na upana wa kinywa na namna kinavyofunguka. Ya pili ni utumbo. Anayepasua samaki jikoni huiona tofauti kwa macho yake. Tumbo la tafi limejaa utumbo mrefu uliojizonga, ilhali la tewa lina mfuko mpana na utumbo mfupi. Mla majani huhitaji safari ndefu ya kusaga chakula. Mla nyama haihitaji. Ya tatu ni mahali: kuna samaki anayekula juu ya maji, wa katikati na wa chini. Ya nne ni wakati, nao hufuata usiku na mchana, maji kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu.

Wahenga waliposema kwamba mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, hawakusifu bahati ya mvuvi bali ujuzi wake. Ujuzi huo ndio anaouhitaji mfugaji. Tofauti ni kwamba mvuvi akikosea chambo hurudi mikono mitupu, na mfugaji akikosea mlo huamka akamkuta samaki amekufa.

Birika: samaki katika nyumba za Lamu

Pengine mtu atasema kwamba kumweka samaki ndani ya nyumba ni jambo la kigeni. Nyumba kongwe za mawe za mji wa Lamu zinamkanusha. Katika chumba cha kuogea cha nyumba hizo mlijengwa birika la kuhifadhia maji, na ndani yake waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Katika baadhi ya mabirika, bakuli la kauri lilipachikwa sakafuni mwa birika ili maji yanapopungua au yanapotolewa kwa ajili ya kusafisha, samaki wapate pa kujisitiri. Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mabirika hayo ni sehemu ya usanifu uliosifiwa.

Utaratibu huo una mambo yote ya ufugaji wa kisasa isipokuwa kioo. Kuna maji yaliyofungwa mahali pamoja, kuna samaki waliochaguliwa kwa kazi maalumu, kuna maficho wakati wa kubadilisha maji, na kuna chakula hai kinachojileta chenyewe. Mbu hutaga, viluwiluwi huzaliwa, samaki hula. Mwenye nyumba hupata maji yasiyozalisha mbu, na samaki hupata mlo usiooza, kwa kuwa bado unaogelea. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayowafanya wafugaji wa diskasi wakithamini chakula hai hadi leo.

Diskasi ni samaki wa namna gani?

Diskasi ana umbo la sahani iliyosimamishwa wima. Mwaka 1840 mtaalamu wa Austria, Johann Jakob Heckel, alimpa jina la kisayansi Symphysodon discus, na sehemu ya pili ya jina hilo yamaanisha kisahani. Ingawa kwao ni mbali, jamaa zake wako Afrika Mashariki, kwani yu wa familia moja na sato, ngege na perege. Hata samaki maarufu wa Ziwa Malawi, ambaye wenyeji humwita chambo, ni wa ukoo huo; hivyo, neno ambalo kwa Mswahili ni mtego, kwa jirani yake wa kusini ni kitoweo.

Kwa asili, diskasi huishi katika maji ya vuguvugu, laini na yenye uasidi kidogo. Katika tangi, wafugaji humwekea joto la nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi. Ana kinywa kidogo, hula polepole na huogopa vishindo, kwa hiyo akichanganywa na samaki wenye pupa hushinda na njaa.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni utumbo wake. Uchunguzi wa matumbo ya diskasi wa porini umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula chake ni mwani mwororo unaoota juu ya miti iliyozama, mabaki ya mimea yaliyooza, na wadudu na wanyama wadogo wa majini. Utumbo wake ni mrefu. Kwa mizani ya mvuvi wa malema, basi, diskasi yuko karibu zaidi na tafi kuliko tewa. Ajabu ni kwamba wafugaji wengi humlisha kana kwamba ni tewa, kwa kumpa nyama kila siku. Mvuvi aliyezoea kusoma kinywa na utumbo kabla ya kuchagua chambo angeitambua kasoro hii mapema.

Malezi yake pia ni ya pekee. Vifaranga wa diskasi, wanapoanza kuogelea, hujibandika ubavuni mwa wazazi na kula ute unaotoka kwenye ngozi zao. Utafiti ulioongozwa na Jonathan Buckley wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba ute huo huongezeka protini na kingamwili wakati wa kulea, na kwamba baada ya wiki mbili hivi za kwanza wazazi huanza kuwaepuka watoto ili wajitafutie. Katika ukoo huu wa samaki, kila mzazi ana namna yake ya kulea: sato jike hubeba mayai na vifaranga kinywani mwake, na diskasi huwalisha kwa ngozi yake.

Chakula hai

Chakula hai ni kiumbe anayeliwa akiwa mzima. Faida zake ni kwamba mwendo wake humwamsha samaki mwenye kusitasita, na kwamba kisipoliwa papo hapo hakichafui maji upesi.

Cha kwanza kwa umuhimu ni artemia, mnyama mdogo wa jamii ya kamba anayeishi katika maji ya chumvi kali. Mayai yake yaliyokauka huweza kuhifadhiwa kwa muda mrefu, na yakitiwa majini huanguliwa. Kenya ina uhusiano wa karibu na mnyama huyu. Katika miaka ya 1980 alipandikizwa kwenye mashamba ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi, sehemu za Gongoni na Ngomeni, naye akazaliana humo. Mahali ambapo Mswahili aliona chumvi peke yake, sasa pana pia chakula cha vifaranga vya samaki.

Kuyaangua mayai hayo si kazi ngumu. Hutwaliwa lita moja ya maji yenye gramu 25 hadi 30 za chumvi isiyotiwa madini mengine. Mkaazi wa pwani anaweza kutumia maji safi ya bahari, yaliyopunguzwa ukali kidogo kwa maji baridi. Mayai hutiwa, maji hupulizwa hewa mfululizo, chombo huwekwa mahali penye mwanga na joto la nyuzi 26 hadi 28, na baada ya saa 24 hadi 36 vitoto huwa vimetoka. Hewa ikizimwa, maganda huelea juu na vitoto hukusanyika upande wenye mwanga. Hapo huvutwa kwa mpira mwembamba, huchujwa kwa kitambaa cha nyuzi zilizosongamana, husuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi, kisha hupewa samaki. Inafaa walishwe mapema, kwa sababu kitoto cha artemia huzaliwa na akiba yake ya kiini cha yai, na kila saa inayopita huila akiba hiyo, akabaki mwili mtupu.

Cha pili ni viluwiluwi vya mbu, chakula kilekile cha samaki wa birika. Diskasi huvipenda. Hata hivyo, anayevikuza afunike chombo chake na avivune kila siku; asije akafuga mbu badala ya samaki. Cha tatu ni mabuu mekundu ya vidudu wanaofanana na mbu lakini wasiouma, ambao huishi kwenye tope la chini ya maji. Cha nne ni minyoo: nyungunyungu wa shambani, ambao kamusi kongwe huwataja kwa jina la daa na kuwahusisha na uvuvi, na minyoo membamba ya matopeni iitwayo tubifeksi. Nyungunyungu huoshwa, huachwa siku moja ili atoe udongo tumboni, kisha hukatwakatwa kulingana na kinywa cha samaki.

Chakula hai kina hatari yake. Tubifeksi huishi penye maji machafu, na huweza kuleta bakteria na vimelea. Diskasi ni mwepesi wa kuugua maradhi ya utumbo, ambayo dalili zake ni kukataa chakula, kuwa na rangi nyeusi na kutoa kinyesi cheupe mithili ya uzi. Kwa sababu hiyo wafugaji waangalifu hukichota chakula hai mahali wanapopajua, au hukitumia kikiwa kimegandishwa. Baridi haiui vijidudu vyote, lakini hupunguza baadhi ya vimelea.

Chakula cha kukandwa nyumbani

Aina ya pili ni chakula kinachotengenezwa jikoni. Kilichoenea zaidi ni cha moyo wa ng'ombe. Sababu ya kuteuliwa moyo ni kwamba nyama yake ina protini nyingi, na mafuta yake yamekaa nje, hivyo huondolewa kwa urahisi. Kuondoa mafuta hayo si hiari. Mafuta ya mnyama wa nchi kavu huganda katika joto ambalo mafuta ya samaki bado ni maji, na samaki hawezi kuyasaga vizuri.

Mapishi hutofautiana, lakini mojawapo la kawaida ni hili. Moyo wa nusu kilo husafishwa, hutolewa mafuta, mishipa na utando, kisha hukatwa vipande na kusagwa. Huongezwa robo kilo ya kamba waliomenywa na kuchemshwa kidogo, kiganja cha mchicha uliochovywa katika maji ya moto, na punje mbili au tatu za kitunguu thaumu. Kamba hupitishwa motoni kwa sababu nyama mbichi ya baadhi ya samaki na wanyama wa baharini ina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto hukizima. Vyote hutwangwa hadi vikawa kitu kimoja, hukandwa pamoja na kitu cha kushikamanisha, hutandazwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa unene wa kama nusu sentimita, na kugandishwa. Wakati wa kulisha, huvunjwa kipande kinachotosha mlo mmoja.

Kwa kanuni ya utumbo iliyoelezwa, ni busara kupunguza nyama na kuzidisha mboga. Katika kisiwa kama Lamu moyo wa ng'ombe unaweza kuachwa kabisa: nyama nyeupe ya samaki iliyopikwa, kamba, mchicha na mwani uliosuuzwa chumvi vinatosha kufanya mlo ulio karibu zaidi na anachokula diskasi kwao. Mwani una faida nyingine. Kitu cha kushikamanisha kinachotajwa mara nyingi ni jelatini, ambayo huenda imetokana na nguruwe, nayo haifai jikoni mwa Mwislamu. Mwani wa aina fulani ukichemshwa hutoa ute unaoganda na kufanya kazi hiyohiyo. Mwani unaolimwa Zanzibar tangu mwaka 1989 husafirishwa nje hasa kwa ajili ya sifa hiyo ya kugandisha vyakula.

Msomaji wa Kiswahili atambue kwamba maelezo haya hayakuhitaji kitenzi hata kimoja cha mkopo kutoka Kiingereza. Kumenya, kuchovya, kusaga, kutwanga, kukanda, kutandaza, kuchuja na kusuuza ni vitenzi vya jikoni. Vyombo navyo vipo: kinu na mchi vya kutwangia, ungo wa kupepetea, kifumbu cha kuchujia tui na kung'uto la kuvuzia maji. Msusi wa vyombo hivyo anazo tayari zana za mfugaji wa samaki, na kila zana ina jina.

Kiasi, wakati na usafi

Chakula kizuri hugeuka sumu kikizidi. Mabaki yakiachwa majini huoza na kutoa amonia inayounguza matamvua ya samaki. Katika maji ya nyuzi 28 hadi 30 hatari huwa kubwa zaidi, kwa sababu chakula huoza upesi na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Kwa hiyo vifaranga na wadogo wanaokua hulishwa kidogo kidogo, mara nne hadi sita kwa siku. Wakubwa hutosheka na mara mbili au tatu. Kinachobaki baada ya robo saa huondolewa. Robo hadi nusu ya maji hubadilishwa angalau mara moja kwa wiki, na zaidi ya hapo iwapo chakula ni cha nyama, kwa maji mapya yenye joto lilelile.

Istilahi zinazopendekezwa

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, istilahi kadhaa zinajitokeza. Kwanza, neno chambo libaki kwa chakula cha kuvulia, kwa kuwa ndani yake mna hila, na mlo litumike kwa chakula cha kufugia. Kumwita chambo anachopewa samaki wa nyumbani ni kumwambia mgeni kwamba karamu aliyoandaliwa ni mtego.

Pili, birika la samaki lipewe nafasi kando ya tangi la samaki. Pingamizi litakuwa kwamba kwa wengi birika ni chombo cha kuchemshia chai. Lakini maana zote mbili zimo katika kamusi, na muktadha huzitenganisha.

Tatu, kwa chakula cha kukandwa, maneno tonge, donge na chembe yagawane kazi kwa ukubwa: chembe kwa kifaranga, tonge kwa mlo wa samaki mmoja, donge kwa kile kinachogandishwa kabla ya kuvunjwa.

Nne, neno ute linatosha kabisa kwa kile wanachokula vifaranga kwenye ngozi za wazazi wao. Tano, na pengine hili ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, ni kitenzi kulikiza. Kulikiza ni kumwachisha mtoto ziwa. Hatua ya kuwahamisha vifaranga wa diskasi kutoka ute wa wazazi hadi artemia ndiyo hatua ambayo wengi hufia. Ikiitwa kuwalikiza, mzazi yeyote wa Kiswahili ataelewa bila kufafanuliwa kwamba kazi hiyo hufanywa polepole, kwa kuonjesha, na kwamba haraka huua.

Hitimisho

Imeonekana kwamba mlo wa samaki wa Amazon unaelezeka kwa maneno ya lema, birika na kinu. Imeonekana pia kwamba maneno hayo hayakuja matupu, bali yamebeba maarifa: aliyejua kumchagulia tafi mwani na tewa samaki mzima alikuwa ameshika kanuni ambayo wafugaji wengi wa diskasi huisahau.

Hata hivyo, maneno hukaa mahali kazi inapokaa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya athari za ujenzi wa bandari mpya, na mwaka 2021 gati ya kwanza ya bandari hiyo ilifunguliwa. Fidia huhesabu samaki na nyavu. Haihesabu majina ya aina za chambo, ya sehemu za lema, ya nyakati za maji, wala vitenzi vya kuviunganisha. Mvuvi akihamia kazi nyingine, majina hayo huacha kutamkwa kila siku, na mwanawe hukua bila kuyasikia.

Kazi hiyo yaweza kufanywa na wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu, kwa gharama ndogo. Inafaa yakusanywe, kwanza Matondoni na kisha Siyu, Pate, Faza na Kizingitini, majina ya kila chambo pamoja na samaki anayevuliwa nacho, namna kinavyotayarishwa, msimu wake na hali ya maji; na kila jina liandikwe kwa matamshi ya lahaja yake, likiambatana na sentensi moja aliyoitamka mvuvi mwenyewe. Orodha hiyo itamfaa mtunzi wa kamusi, mtafsiri wa vitabu vya ufugaji, na mkulima mwenye bwawa. Ikianza na samaki kumi tu wanaofahamika sokoni Lamu, itakuwa imeanza pazuri.